Mahindi yamekauka mara ya pili, na mume wangu anataka kuuza miti ya shamba

Yaya, dada yangu mkubwa, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watano, tunaishi Lubumbashi, komini ya Annexe. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu neno hili halisemeki tena. Nikifungua mdomo kuhusu shamba, mume wangu anainuka, anatoka nje.

Miaka minne iliyopita kampuni ya madini aliyofanyia kazi ilipunguza watu, naye akapewa dekonti finali yake, malipo ya mwisho ya kazi. Yeye alitaka tununue gari la teksi. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema gari linazeeka, ardhi haizeeki, tutafute shamba. Nikamsumbua mpaka akakubali. Tulipata hekta mbili kwenye njia ya Kasenga, kama kilometa 30 kutoka mjini. Robo yake tuliiacha pori, ina mitondo na mipundu mikubwa, na kichuguu kimoja kirefu kuliko nyumba. Chini kabisa kuna kijito chenye maji mpaka mwezi wa nane, halafu kinabaki tope.

Mwaka wa kwanza mahindi yalikubali. Tulivuna magunia 42, mume wangu akawa analeta rafiki zake waje kuona. Mwaka wa pili nikachagua mahindi makubwa ya mavuno yetu nikayaweka mbegu, ili tupunguze gharama. Mvua ilianza vizuri, ikakatika, tukapata magunia 14. Mwaka wa tatu, yaani msimu huu uliopita, nikakopa mbolea kwa mfanyabiashara mmoja, NPK na urea, deni la dola 380. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mvua ikanyesha siku mbili, tukapanda shamba lote ndani ya juma moja. Jua likapiga, mbegu nyingi zikafia chini. Tukapanda tena lote mwezi wa kumi na moja. Yakaota, yakanipita kichwa. Mwezi wa kwanza, yakianza tu kutoa mbelewele na ndevu, mvua ikakatika majuma matatu mazima. Nilikuwa nakwenda kuyaangalia. Asubuhi majani yamefunguka, saa nne yamejikunja yote. Mvua iliporudi yakawa kijani tena, nikapiga magoti kumshukuru Mungu. Kumbe ndani hakuna kitu. Unamenya hindi unakuta punje kumi na mbili, punje ishirini, kama meno ya bibi mzee. Tulipata magunia 9.

Sasa sisi wenye shamba tunanunua unga sokoni kwa kipimo cha meka. Mwenye mbolea anatuma kijana wake kila siku ya posho, yaani Jumamosi. Mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba nimekula dekonti ya mtoto wake. Na mume wangu siku hizi anasema "shamba lako". Hasemi tena shamba letu.

Kuna njia tatu mezani. Shemeji yangu anasema atatukopesha dola tuchimbe foraji, kisima kirefu cha mashine, na kununua pampu, ili tumwagilie mahindi mvua ikikatika. Mchoma makala mmoja, yaani makaa ya miti, amekuja kuona ile miti, anataka kuinunua yote kwa mara moja, ametoa bei ambayo ingemaliza deni na kubakiza kidogo. Mume wangu anaipenda hiyo, anasema miti haitulishi. Njia ya tatu ni kuuza shamba lote. Mimi sitaki hata moja, lakini sina la kuwajibu. Yaya, je, ardhi yetu imekufa? Au mvua ndiyo imetukimbia? Nifanye nini kabla mvua haijarudi?

Mama wa njia ya Kasenga

Mdogo wangu, jambo.

Ardhi yako haijakufa. Na kununua shamba halikuwa kosa, ondoa hilo moyoni kwanza, maana naona mama mkwe amefaulu kulipanda humo. Shamba lililotoa magunia 42 bado ni shamba lile lile.

Nimerudia barua yako mara kadhaa, na kila mara ninasimama kwenye zile punje kumi na mbili. Jibu lako limo humo. Kila unywele mmoja wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja. Unga wa mbelewele ukiangukia unywele huo, punje inajaa. Usipoangukia, mahali pale panabaki wazi. Jua likipiga wakati ule, ndevu zinachelewa kutoka, unga unamwagika na kukauka kabla hazijawa tayari. Hivyo hindi linabaki zima kwa nje, jani linarudi kuwa kijani mvua ikija, na ndani kumebaki ufizi. Majuma mawili kabla ya maua na majuma mawili baada yake ndiyo yanayoamua mavuno ya mahindi. Mmea ule ule ukikosa maji ukiwa bado unafika magotini unavumilia, unajikunja, unangoja. Katika maua haungoji.

Sasa tazama ulichofanya, na sikulaumu, wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Ulipanda shamba lote kwa juma moja, mbegu moja. Basi shamba lote lilitoa maua juma moja. Pengo la mvua lilipofika halikuwa na haja ya kutafuta, lilikuta kila kitu mahali pamoja.

Watu wanasema mvua imetukimbia. Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu. Mahindi kwa maisha yake yote shambani yanahitaji kama milimita 500 mpaka 800. Miaka mingi, basi, maji yanayoanguka yanatosha. Yanakuja kwa fujo, yanakimbilia kijitoni, halafu yanakatika siku ambazo mmea hauwezi kungoja. Ipo kweli miaka mibaya kupita hiyo. Msimu wa 2023 hadi 2024, wakati wa El Niño, wenzetu wa Zambia waliona karibu hekta milioni 1 za mahindi zikiharibika kati ya milioni 2.2 walizopanda, na tarehe 29 Februari 2024 serikali yao ikatangaza janga la taifa. Mwaka wa namna hiyo unatupiga mara mbili, kwa sababu unga mwingi tunaokula hapa unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Shamba letu linakauka, na kule tunakonunua pia kumekauka. Kwa hiyo nataka shamba lako lilishe chungu chako kwanza, kabla hatujasema gunia hata moja la kuuza.

Nianze na foraji ya shemeji, maana deni la pili likiingia ndani ya la kwanza hamtatoka. Ana nia nzuri, sisemi vinginevyo. Lakini kaeni na kalamu. Mahindi yakiwa kwenye maua, siku ya jua, yanakunywa kama milimita 5 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hekta moja ni mita 10,000, kwa hiyo ni lita 50,000 kila siku. Ninyi mnalima hekta moja na nusu: lita 75,000, yaani bidoni 3,750 za lita 20, kila siku, majuma matatu. Foraji inayotoa lita moja kwa sekunde, pampu ikinguruma saa kumi bila kupumzika, inatoa lita 36,000. Haifiki hata nusu. Na hapo sijahesabu mafuta ya pampu, wala mipira ya kuyafikisha maji shambani. Mpe shemeji hesabu hii kwa heshima, mwambie asante, na mwombe akuwekee ile nia yake kwa jambo dogo zaidi ambalo nitalisema hapa chini.

Kitu cha kwanza unachoweza kufanya leo, bila dola ya mtu, ni mashimo. Wakulima wengi wa Zambia, udongo wao na wetu ni ndugu, wanachimba mashimo ya kupandia wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa bado kavu. Shimo lina urefu wa sentimita 30, upana 15, kina 20. Toka shimo moja mpaka jingine katika mstari ni sentimita 70, na toka mstari mpaka mstari ni 90. Chini unatia konzi mbili za samadi au mboji, na mbolea kidogo ya dukani kama ipo, unarudisha udongo lakini hulijazi, unaacha kina cha vidole vitatu hivi. Mvua ikija, maji yanayotaka kukimbilia kijitoni yanakamatwa pale, mguuni pa mhindi. Mbegu nne kwa shimo, zikiota unabakiza tatu. Faida ya pili ni kwamba mbolea unaitia shimoni tu, hutupi katika nafasi tupu kulisha magugu. Nusu hekta ni mashimo kama 7,900. Ni kazi nzito, sikudanganyi. Watu wawili wakianza sasa, asubuhi mapema, kidogo kidogo, wanafika kabla ya mvua. Na mashimo hayo hayo mwaka ujao unayafungua tu, huchimbi upya.

Nimesema nusu hekta. Usipande mahindi zaidi ya hapo mwaka huu. Na hiyo nusu igawe mara mbili: sehemu moja ipandwe mvua ikishika, nyingine majuma matatu baadaye, kwa mbegu ya muda mfupi. Hapo hakuna pengo moja litakalokamata maua yote. Usivuke katikati ya mwezi wa kumi na mbili lakini, maana mwezi wa tatu mvua inaaga.

Mvua kushika ni nini? Hili nimelilipia mimi mwenyewe. Mwaka mmoja, upande wa Kipushi, nilipanda kwa mvua ya kwanza kama wewe, nikapoteza mbegu zote za karanga nilizokuwa nimezitunza mwaka mzima, nikalia mbele ya watoto. Tangu siku hiyo sipandi mpaka nimechimba. Unachimba mpaka sentimita 20, kiganja kizima kilichonyooka, unachukua udongo wa chini kabisa, unaufinya. Ukishikana kama donge, panda. Ukimwagika kati ya vidole, rudi nyumbani, hata kama jirani zako wote wako shambani wanaimba.

Kuhusu mbegu. Kama ile ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya haibridi, iliyozaliwa kwa kuchanganya aina mbili, watoto wake hawafanani na mama yao. Ukichagua hindi kubwa namna gani, mwaka unaofuata nguvu inapungua. Hayo magunia 14 hayakuwa kosa la mvua peke yake. Ziko aina za mbegu zisizo haibridi, ambazo unaweza kuzitunza mwenyewe miaka kadhaa, na ndizo zinazokufaa wewe usiye na fedha ya kununua kila msimu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kule Kipopo, kiko karibu na mji, nenda ukaulize kuhusu mbegu ya mahindi ya muda mfupi, na kuhusu vipande vya muhogo.

Kwa sababu nusu hekta nyingine nataka iwe muhogo. Najua utakachoniambia: kwako wanataka bukari, yaani ugali, ya mahindi, nyeupe. Mahindi yalitawala meza zetu pamoja na migodi, unga ukawa ndio posho ya mfanyakazi. Kabla ya hapo watu wa nchi hii walikula mtama, ulezi na muhogo, na hawakuwa wajinga. Muhogo jua likipiga unaangusha majani, unalala, mvua ikirudi unaamka. Hauna juma moja la maua linaloamua maisha yake. Chagua vipande vya kiganja na kidogo, sentimita 20 mpaka 25, kutoka mti wenye majani mazuri. Mti ambao majani yake yamekunjamana na kuwa na madoa ya njano usiuguse hata wakikupa bure, una ugonjwa na utauhamishia shamba lote. Panda mita moja kwa mita moja, na katikati panda kunde au karanga, zitafunika udongo na kutoka kabla muhogo haujazifunika. Muhogo hautakulisha mwaka huu, ni wa mwaka ujao na ule mwingine. Sombe, majani yake ya kula, utaanza kuchuma mapema, ila usinyonyoe mti mzima.

Na hapa, mdogo wangu, nisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Muhogo mchungu mwaka wa ukame unakuwa mchungu zaidi, sumu yake inaongezeka. Njaa ikibana, watu wanapunguza siku za kulowesha ili wapate unga haraka. Hivyo ndivyo konzo inavyoingia nyumbani. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu, mtoto au mama analala mzima anaamka hatembei sawa, na hauponi. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka, watu wa kusini-magharibi mwa Kongo yetu, linasema miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango, na mpaka leo unawakuta watu wa vijiji vya nchi yetu katika miaka ya shida. Lowesha siku tatu, usikubali siku moja, hata watoto wakilia. Kama una wasiwasi na unga ulionunua, uchanganye na maji, utandaze mwembamba kivulini saa tano, ndipo upike bukari. Na mtoto asile muhogo mtupu siku zote, apate kunde, apate samaki mdogo, apate kiwavi. Chakula chenye protini kinausaidia mwili kuitoa ile sumu.

Robo hekta iwe viazi vitamu juu ya matuta. Hivi vitakuokoa mwaka huu huu, miezi minne mitano umeshavuna, na matembele utakula na kuuza tangu mwezi wa kwanza. Robo ya mwisho weka mtama na kunde. Mtama unastahimili jua kuliko mahindi, ila ndege wataupenda, utahitaji mtoto wa kufukuza baada ya shule.

Liko neno jingine kuhusu udongo ambalo wachache wanatuambia. Udongo wetu mwekundu una uchachu mwingi. Katika udongo mchachu mizizi ya mahindi haishuki, inabaki juu juu, kwa hiyo siku tano tu za jua mmea unaona kiu, wakati chini maji yapo. Chokaa ya shamba inaupunguza uchachu huo, na mawe yake tunayo, Kakontwe kule Likasi ni chokaa tupu. Kama hamna fedha ya chokaa, mna kichuguu. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi unaoshika maji na una chokaa ya asili kuliko udongo unaokizunguka. Chimbeni pembeni yake, msikibomoe chote, kisha mtie konzi moja moja katika mashimo ya mahindi. Majivu ya jikoni pia, yasitupwe tena barabarani. Na mabua ya mahindi msiyachome. Najua sasa hivi nchi nzima ina moshi. Lakini bua lililolala juu ya ardhi ni kivuli cha maji. Fyekeni njia ya mita tatu kuzunguka shamba ili moto wa jirani usiingie.

Lile jambo dogo la shemeji ni bustani. Pale chini kwenye kijito, mita 10 kwa 10 zinahitaji lita 500 kwa siku, bidoni 25. Hiyo inawezekana kwa kisima kifupi cha kuchimba kwa mikono mahali penye unyevu, na nyasi kavu zikifunika matuta unaweza kupunguza bidoni hata zaidi. Lenga-lenga (mchicha), nyanya, vitunguu, kuanzia mwezi wa tano mvua ikiisha. Lenga-lenga inachumwa baada ya majuma manne hivi. Fedha yake ni ndogo lakini inakuja kila juma, na ndiyo itakayolipa deni kidogo kidogo. Shemeji akitoa fedha ya kisima hicho na ndoo, amekusaidia kweli.

Deni sasa. Usimngoje kijana wa siku ya posho. Nendeni wawili, wewe na mume wako, kwa mwenye mbolea mwenyewe, kabla hajaja yeye. Mpeleke chochote, hata dola 20, ili aone mkono. Mwambieni ukweli wa magunia 9, ombeni mlipe vipande vipande, kidogo kila mwezi, na sehemu kubwa baada ya mavuno ya viazi na mahindi. Mwandike karatasi, mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Na msichukue mbolea nyingine kwake kwa mkopo mwaka huu. Nusu hekta ya mashimo inahitaji kidogo sana kuliko mlichokopa, mnunue kwa fedha mkononi au mwende na samadi. Urea mkiipata, tieni tu siku ambayo udongo umelowa. Ikiachwa wazi juu ya udongo bila kufunikwa, sehemu yake inapotea hewani.

Kuuza shamba lote, hapana. Si kwa sababu ardhi haiuzwi, watu wanauza kila siku. Ila anayeuza mwisho wa kiangazi, mwenye deni, mnunuzi anamsoma usoni kabla hajataja bei.

Mume wako nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye mzito. Mtu aliyeamka saa kumi ya usiku miaka mingi kwenda kazini, siku moja anaambiwa baki nyumbani, halafu fedha yote ya jasho lake inaingia ardhini na ardhi inarudisha magunia 9. Akisema "shamba lako" sidhani anakutukana. Anaogopa kuwa nalo, kwa sababu likianguka tena ataanguka nalo. Usimwombe arudishe moyo kwa maneno. Mpe kamba. Mtu wa mgodini anajua kupima. Mwambie: baba, mimi sijui kunyoosha mistari, tupimie sentimita 70 na 90, utuwekee vijiti. Siku ya kwanza mtachimba mashimo 100, hesabuni pamoja. Mkae jioni na ile hesabu ya foraji, yeye ndiye amweleze shemeji, si wewe. Kwa mama mkwe usijibu neno. Sombe la kwanza likitoka, mpelekee wewe mwenyewe, kwa mikono miwili.

Na miti. Mume wako anasema haitulishi. Yeye amekua hapa, akumbuke mwezi wa kwanza na wa pili, gunia limeisha na jipya halijaiva, tulikuwa tunakula nini? Uyoga. Uyoga mwingi wa porini unaishi na mizizi ya miti hii hii, na ule mkubwa mweupe unatoka kwenye kichuguu. Ukikata miti, uyoga wake unakwenda nayo. Mitondo inabeba viwavi vya kula, na unajua bei ya kikombe kimoja sokoni. Mipundu inaangusha matunda. Mzinga wa nyuki juu ya mti hauli mbolea wala haulipishi. Na miti hii haiangushwi na pengo la mvua la mwezi wa kwanza kama mahindi, kwa sababu mizizi yake iko chini sana kuliko mizizi ya mahindi. Mchoma makala atakulipa mara moja, atapanga tanuru lake palepale, ataondoka, na mahali pa tanuru udongo utabaki umeungua. Mkihitaji kuni, kateni matawi. Mkilazimika kabisa, mti mmoja, muuache na kisiki ili uchipue, na msichome hapo.

Huyo mchoma makala hajapewa jibu, na mtu asiyepewa jibu siku moja anakuja na shoka akisema alidhani mmekubali. Mwambie mume wako amjibu yeye mwenyewe, leo jioni, wewe ukiwa umekaa karibu.